ESRB, PEGI, USK au Australia: Ufuate Alama Gani Unapomchagulia Mtoto Gemu?

Chukua EA Sports FC 24, gemu ya mpira iliyotoka Septemba 2023. Kasha lake la Ulaya lina alama ya umri ya PEGI 3, yaani hata mtoto wa chekechea hakuna kitakachomdhuru humo. Kasha la Marekani lina herufi E, ya kila mtu. Kasha la Ujerumani limeandikwa 12. Mpira ni uleule, viwanja vilevile, na hakuna toleo lililoongezewa damu wala matusi. Mzazi akiziweka alama hizo tatu mezani ana haki ya kuuliza ni nani anayemwambia ukweli.

Wote wanasema ukweli, ila kila mmoja amepima kitu chake. Usidhani alama hizi zilitungwa na wataalamu waliokaa kwa utulivu wakapima akili za watoto. Zilizaliwa kwenye ugomvi: maseneta wakifoka mbele ya kamera, magazeti yakitafuta wa kulaumiwa baada ya mauaji shuleni, mahakama zikivutana na mabunge. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na kila nchi ina unyasi wake. Alama ya nchi huona vizuri pale ilipowahi kuumwa, na kwingine hupita bila kutazama. Ndiyo maana ushauri wangu wote hapa chini hauanzii kwenye alama, unaanzia kwenye hofu yako wewe: unaogopa nini hasa juu ya mtoto huyu?

Nimelinganisha alama nne za umri: ESRB ya Marekani, PEGI ya Ulaya, USK ya Ujerumani na mfumo wa Australia. Zote zina tovuti ambako unaandika jina la gemu na kupata jibu bure kabla hujanunua chochote. Hakuna anayekulazimisha kufuata ya nchi moja tu.

ESRB: inayojulikana ni herufi, kilicho bora ni maandishi

Mwaka 1992 Mortal Kombat iliingia kwenye mashine za kumbi za michezo. Mpiganaji mmoja, Sub-Zero, aliweza kumng'oa mpinzani kichwa, uti wa mgongo ukining'inia. Septemba 1993 gemu hiyo ikafika majumbani. Toleo la Nintendo liligeuza damu kuwa jasho la kijivu. La Sega liliificha damu nyuma ya mfuatano wa vitufe, na mfuatano huo ukasambaa kama habari ya msiba. Tarehe 9 Desemba maseneta Joe Lieberman na Herb Kohl wakaita kikao mjini Washington, wakaonyesha vipande vya gemu hiyo na nyingine iitwayo Night Trap, na ujumbe wao kwa kampuni ukawa mmoja: jisimamieni, la sivyo serikali itawasimamia. Mwaka uliofuata, 1994, kampuni zikaunda ESRB.

Kwa hiyo ESRB ni chombo cha sekta yenyewe. Ina E kwa wote, E10+ kuanzia miaka 10, T kuanzia 13, M kuanzia 17 na AO kuanzia 18. Kwa gemu za kwenye kasha, kampuni hujaza dodoso na kupeleka video ya sehemu kali kuliko zote, na wakaguzi wasiopungua watatu huitazama. Ikificha kitu, faini inaweza kufika dola milioni moja.

Kuficha huko kuliwahi kutokea, na ndiko kulikoipa ESRB makali. Mwaka 2005 mchezaji mmoja wa Uholanzi alisambaza programu ndogo iliyofungua onyesho la ngono lililokuwa ndani ya Grand Theft Auto: San Andreas. Watengenezaji walikuwa wamelifungia tu, hawakulifuta. Tarehe 20 Julai ESRB ikaipandisha gemu kutoka M hadi AO. Hillary Clinton, wakati huo seneta, alidai uchunguzi wa serikali, kisha akapeleka muswada bungeni pamoja na Lieberman, haukupita. Tangu hapo kampuni hutakiwa kutaja hata kilichofungiwa ndani ya diski.

Kwenye karatasi, tofauti ya M na AO ni mwaka mmoja. Sokoni ni uhai na kifo, kwa sababu maduka makubwa hayaweki AO rafuni na kampuni za konsoli, yaani mashine za kuchezea gemu nyumbani, haziipokei. Matokeo yake karibu kila gemu ya watu wazima hukatwa mpaka itoshe M, na M imekuwa gunia kubwa linalobeba vitu visivyofanana.

Mass Effect inaonyesha ukubwa wa gunia hilo. Ilitoka Novemba 2007 ikiwa na onyesho fupi la mapenzi ambalo mchezaji hulifikia baada ya saa nyingi, tena akichagua mwenyewe kujenga uhusiano huo. ESRB iliipa M. Uingereza, iliyokuwa bado inatumia bodi yake ya filamu, iliipa 12. Singapore iliipiga marufuku, kisha ikairuhusu kwa wenye miaka 18 na kuendelea. Januari 2008 kituo cha Fox News kikaizungumzia kama gemu ya ngono, na mgeni aliyeilaani kwenye kipindi hicho alikuwa hajaicheza. Baadaye aliitazama ikichezwa, akayarudisha maneno yake. Mzazi aliyesikia kipindi hicho, akaiona M kwenye kasha, alikuwa na kila sababu ya kuamini mabaya yote. Herufi peke yake isingemsaidia kitu.

Lakini maandishi yangemsaidia, na hapa ndipo ninapoipenda ESRB kwa dhati. Ukiitafuta gemu ya kwenye kasha katika tovuti yao, chini ya herufi utakuta aya nzima inayoeleza mchezaji anafanya nini, anatumia silaha gani, damu inaonekanaje adui akipigwa, nani anakunywa pombe, na matusi gani hasa yanatamkwa. Inatofautisha ukatili wa katuni, ukatili wa kubuni na ukatili mkali. Katika zote nne, sijaona inayomweleza mzazi kwa uwazi kama huo. Bahati mbaya gemu nyingi zinazopakuliwa tu kwenye simu hazina aya hiyo.

Jambo moja zaidi, maana watu wengi hudhani M ni sheria. Si sheria. California ilijaribu mwaka 2005: duka likimuuzia mtoto gemu yenye ukatili, faini hadi dola 1,000. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 27 Juni 2011 majaji 7 dhidi ya 2 wakaifuta sheria hiyo. Jaji Antonin Scalia aliandika kwamba gemu zinalindwa na uhuru wa maoni kama vitabu na tamthilia, akakumbusha kwamba hata hadithi za kale za watoto zina damu: Hansel na Gretel wanamuua mchawi kwa kumsukumia kwenye tanuri. Alama ikabaki ya hiari. Hata hivyo hiari hiyo ilishika dukani. Mwaka 2000 tume ya biashara ya Marekani ilipotuma watoto kujaribu kununua gemu za M, asilimia 85 walifanikiwa; katika ripoti ya 2013 walikuwa asilimia 13. Kwenye simu ya mtoto hakuna muuzaji wa kumtazama usoni, na hilo takwimu hizo hazilipimi.

PEGI: namba safi kwa ukatili, macho mazito kwa kamari

PEGI ilianza 2003 ili kuunganisha mifumo ya nchi za Ulaya, na leo inatumika katika nchi zaidi ya 35. Namba zake ni 3, 7, 12, 16 na 18, zikiwa na vijipicha: ngumi kwa ukatili, buibui kwa vitisho, sindano kwa dawa za kulevya, na kadhalika. Nayo ni ya sekta, ila dodoso la kampuni hupitiwa na taasisi mbili, moja ya Uholanzi na moja ya Uingereza. Nguvu yake ya kisheria hutegemea uko nchi gani. Uingereza, tangu Julai 2012, kumuuzia mtoto diski yenye 12, 16 au 18 akiwa chini ya umri huo ni kosa.

Kwa ukatili, namba za PEGI ninaziamini kuliko za mwingine yeyote. Ngazi zake zina mantiki unayoweza kumweleza mtoto. Saba ni ukatili wa katuni usioumiza kweli. Kumi na mbili ni mapigano ya viumbe vya kubuni, au ya watu lakini bila majeraha ya kutazamika. Kumi na sita ni pale watu wanapopigwa na kufa kama wangekufa kweli. Kumi na nane ni ukatili wa kukirihi, au wa kumshambulia asiyeweza kujitetea. Mtoto wa miaka 13 akikuomba gemu ya 16, unajua mnabishania nini.

Kumbuka tu kwamba namba haipimi ugumu. PEGI 3 inaweza kuwa gemu ya mkakati ambayo hata baba mtu ataiacha njiani.

Kwenye fedha na kamari, hata hivyo, PEGI imewahi kujikwaa vibaya. Balatro ni gemu ya karata iliyotengenezwa na mtu mmoja, ikatoka Februari 2024. Hauweki dau la fedha, hakuna cha kununua ndani, unapanga tu karata kwa mitindo ya poka ili kupata alama nyingi. PEGI iliipa 18, kwa hoja kwamba inamfundisha mchezaji mambo ya poka. ESRB iliipa E10+. Mtengenezaji alilalamika hadharani, akitaja gemu ya mpira yenye PEGI 3 ambayo ndani yake mtoto anaweza kununua pakiti za bahati nasibu kwa fedha halisi. Rufaa ikasikilizwa, na Februari 2025 Balatro ikashushwa hadi 12.

Nimeirudia kesi hiyo mara nyingi kichwani, maana inaonyesha jicho la mfumo lilikuwa limeelekea wapi. Lilitazama picha ya kamari, yaani karata na meza, badala ya kutazama kinachofanya kamari iwe kamari: kulipa bila kujua utapata nini, kisha kulipa tena. Kweli, tangu 2018 PEGI na ESRB huweka maandishi ya kuonya kwamba kuna ununuzi ndani ya gemu, na tangu 2020 huongeza kwamba ununuzi huo una vitu vya bahati nasibu. Lakini kwa miaka hiyo yote maandishi hayo hayakuigusa namba. FC 24 ilikuwa nayo, na bado ikawa 3.

USK: inayocheza mpaka mwisho

Ujerumani iliumwa mahali pengine kabisa. Tarehe 26 Aprili 2002, huko Erfurt, mwanafunzi aliyefukuzwa shule alirudi na bunduki, akaua watu 16 na kujiua. Vyombo vya habari vikagundua kwamba alicheza gemu za kufyatua risasi, na Counter-Strike ikawa jina la kila mdomo. Kulikuwa na neno maalumu la Kijerumani, Killerspiele, gemu za kuua, na wanasiasa walilitumia kwa miaka. Sheria mpya ya kulinda vijana ilianza kazi tarehe 1 Aprili 2003, ikazifanya alama za USK kuwa amri. Duka haliruhusiwi kumpa mtoto wa miaka 14 gemu ya 16, na hapo hakuna hiari.

Namna yao ya kukagua ni tofauti pia. Wakaguzi wa USK huicheza gemu yenyewe, kisha huieleza mbele ya kamati yenye wataalamu wa malezi ya vijana, na mwakilishi wa serikali za majimbo huwa mezani. Ngazi ni 0, 6, 12, 16 na 18.

Unyasi wa pili wa Wajerumani unajulikana: alama za Kinazi. Kwa miaka mingi filamu ziliweza kuzionyesha kama sanaa au historia, lakini gemu hazikuweza. Katika toleo la Kijerumani la Wolfenstein II, mwaka 2017, Hitler alionyeshwa bila sharubu na kuitwa kwa jina jingine. Gemu ambayo kazi yake yote ni kupigana na Wanazi ililazimika kuwaficha. Agosti 2018 utaratibu ukabadilika, USK ikaanza kuzipima gemu kama sanaa nyingine, moja moja. Ninaona hatua hiyo ilikuwa ya haki, na ilichelewa.

Kwa mnunuzi historia hii ina tahadhari moja. Gemu za zamani za soko la Ujerumani mara nyingi ni gemu nyingine kidogo. Katika Half-Life askari walikuwa roboti. Katika Call of Duty: Modern Warfare 2 ya 2009 kuna sehemu ambapo mchezaji anatembea na magaidi wanaowapiga risasi abiria wa uwanja wa ndege; kwingine unaweza kufyatua au kutofyatua, lakini toleo la Ujerumani lilikukatisha ukimpiga raia, na la Urusi halikuwa na sehemu hiyo kabisa. Kwa hiyo ukiona USK ya gemu ya zamani iko chini kuliko ulivyotarajia, hakikisha toleo lililopimwa ndilo utakalonunua.

Sababu ya kuiweka USK juu kwenye orodha yangu ni jambo la karibuni zaidi. Sheria ilirekebishwa 2021, na tangu Januari 2023 USK hupima pia kile ambacho gemu inamfanyia mtoto wakati anaicheza: ununuzi wa bahati nasibu, mazungumzo na watu wasiojulikana, na kile wanachokiita msukumo wa kutenda, yaani saa inayohesabu kurudi nyuma, ofa inayoisha usiku huu, zawadi unayoikosa usipoingia leo. Hayo yanaweza kupandisha namba. Ndiyo siri ya ile 12 kwenye kasha la FC 24.

Nililielewa hilo nikiwa nimekaa kando ya mpwa wangu wa miaka 10, akicheza gemu ya simu ya kukusanya mashujaa. Hakukuwa na tone la damu. Sanduku lilitokea katikati ya skrini, likatikisika mara tatu kabla ya kufunguka, mwanga ukabadilika kutoka buluu kwenda zambarau. Rangi ya dhahabu ikachungulia kidogo pembeni, kisha ikazimika. Alipata shujaa aliyekuwa naye tayari. Kidole kilikuwa kimeshahamia kwenye kitufe cha kununua jingine kabla uso haujamaliza kunyong'onyea. "Mjomba, moja tu, safari hii inatoka." Nilimwuliza amejuaje. Akanionyesha mstari mdogo uliokuwa umejaa karibu wote. Mstari huo ulichorwa na mtu mzima aliyejua anachofanya, na alama ya umri ya gemu ile haikuwa na neno juu yake.

Sheria za nchi zenyewe zimegawanyika hapa. Ubelgiji ilisema 2018 kwamba masanduku ya aina hii yanayolipiwa ni kamari, na mapema 2019 EA, kampuni yenye ile gemu ya mpira iliyoitwa FIFA wakati huo, ikaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti zake. Uholanzi iliipiga kampuni hiyohiyo faini ya yuro milioni 10, lakini mahakama ya juu ya utawala ikaifuta Machi 2022. Majirani wawili, gemu moja, hukumu mbili.

Udhaifu wa USK ni lugha. Maelezo kamili yako kwa Kijerumani, ingawa namba na sababu zake fupi husomeka kwa urahisi ukitumia programu ya kutafsiri.

Australia: kali kwa dawa za kulevya, na sasa kwa bahati nasibu

Australia nitaieleza kwa ufupi. Mpaka mwisho wa 2012 gemu hazikuwa na ngazi ya watu wazima. Juu kabisa ilikuwa MA15+, na iliyozidi hapo ilinyimwa alama, yaani haiuzwi. Kubadilisha kulihitaji wanasheria wakuu wa majimbo yote wakubaliane, na Michael Atkinson wa South Australia alikataa kwa miaka. Mwaka 2008 Fallout 3 ilikataliwa kwa sababu mhusika anatumia mofini kupunguza maumivu. Watengenezaji wakabadilisha jina la dawa kuwa Med-X, duniani kote, na gemu ikapita. Ngazi ya R18+ ilianza tarehe 1 Januari 2013, lakini mkono bado ni mzito kwenye dawa: Disco Elysium ilikataliwa Machi 2021, kisha ikakubaliwa kwa R18+ miezi miwili baadaye.

Cha maana kwako ni kanuni ya tarehe 22 Septemba 2024. Gemu mpya yenye ununuzi wa bahati nasibu haiwezi kushuka chini ya M, ambayo Australia ni ushauri kuanzia miaka 15. Iliyo na kamari ya kuigiza, kama mashine za kasino, haiwezi kushuka chini ya R18+. Hiyo ni ngumu kuliko USK, na ni rahisi kuikumbuka. Kasoro yake ni kwamba haiangalii nyuma: gemu iliyopewa alama kabla ya tarehe hiyo hubaki na alama yake ya zamani, labda ifanyiwe mabadiliko ya kuilazimu kupimwa upya.

Basi uchague ipi?

Kama hofu yako ni damu na mauaji, chukua namba ya PEGI kisha usome aya ya ESRB. Hizo mbili pamoja zinatosha, na nisingehangaika na nyingine.

Kama ni ngono au matusi, ESRB peke yake. Mapenzi na uchi ndiko Marekani ilikoungua tangu San Andreas, na ESRB huvitaja hata pale ambapo Ulaya huona ni jambo dogo. Usitishwe na M kabla hujasoma.

Kama ni fedha, tazama USK kwanza. Ikiwa gemu imetoka baada ya Septemba 2024, tazama na Australia. Kama USK iko juu ya PEGI kwa ngazi mbili au zaidi na gemu haina ukatili wowote wa maana, karibu kila mara ni mkoba wako unaowindwa. Hiki ndicho kipimo ninachokitumia mimi mwenyewe mara nyingi kuliko vyote, na huchukua dakika mbili.

Kama ni dawa za kulevya, Australia. Ila uisome ukijua mkono wake ni mzito.

Kama hofu yako ni muda, hakuna kati ya hizi itakayokusaidia. Kuna serikali zilizojaribu kulimaliza hilo kwa amri. Korea Kusini ilianza Novemba 2011 kuwafungia walio chini ya miaka 16 gemu za mtandaoni kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na ikaifuta sheria hiyo kuanzia Januari 2022. China, tangu Septemba 2021, huwaruhusu walio chini ya miaka 18 saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Nyumbani hilo ni kazi ya mipangilio ya konsoli au simu na makubaliano yenu, na alama ya kasha haina nafasi hapo.

Kwenye simu kuna mtego mdogo. Duka la programu hukuonyesha alama ya eneo la akaunti yako tu, na mara nyingi alama hiyo imetoka kwenye dodoso moja ambalo mtengenezaji amelijaza mwenyewe mtandaoni, mfumo ukalitafsiri kuwa PEGI huku, USK kule, ESRB kwingine. Usiitegemee kama unavyotegemea gemu iliyokaguliwa na watu. Kama gemu hiyohiyo ipo kwenye konsoli, tafuta alama ya huko.

Kisha kuna sehemu ambayo alama zote nne huigusa kwa ncha ya kidole. ESRB huandika kwamba watumiaji huwasiliana, USK huweza kupandisha namba kwa ajili ya mazungumzo, na basi. Hakuna awezaye kukupimia mtu aliye upande wa pili wa kipaza sauti. Desemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520 katika makubaliano na tume ya biashara ya Marekani: milioni 275 ni faini ya faragha ya watoto, na milioni 245 ni marejesho kwa wateja waliosukumwa kununua bila kukusudia. Miongoni mwa malalamiko ya tume ni kwamba mazungumzo ya sauti na maandishi yaliwashwa tangu mwanzo kwa kila mchezaji, watoto wakiwemo. Fortnite ni T kwa ESRB na 12 kwa PEGI, na namba zote mbili zilikuwa sahihi kwa kile kinachoonekana kwenye skrini.

Kwa hiyo ukishachagua, kabla hujamkabidhi mtoto pedi, fungua akaunti yake kwa umri wake wa kweli. Watoto wengi, na wazazi kwa kuharakisha, huweka mwaka wowote ili gemu ifunguke, na hapo kila kinga iliyotengenezwa kwa ajili ya mtoto huzimika, kwa sababu mfumo unaamini unazungumza na mtu mzima. Ukimaliza, ingia kwenye mipangilio, zima mazungumzo ya sauti na wasio marafiki, na uweke nenosiri kwenye ununuzi. Fanya hivyo mtoto akiwa amekaa pembeni yako, aone kila unachokibonyeza na akuulize kwa nini.